Sikwenda Kumwomba, Nilikwenda Kumbembeleza

Tulitoka kwa baba mdogo jua limeshapunguza ukali. Shangazi alivaa viatu mlangoni, akajitanda mtandio upya, tukashuka ngazi kimya. Nilisubiri mpaka tufike barabarani ndipo nikauliza kile nilichokuwa nimekibana kifuani tangu tuingie.

"Shangazi, mbona hujamwomba?"

Mle ndani tulikaa tangu baada ya adhuhuri. Alimuuliza habari za mguu wake. Alimuuliza habari za michungwa ya Muheza, nani amefariki, nani amejifungua. Baba mdogo alipopandisha sauti, shangazi aliguna tu. Aliponyamaza, naye alinyamaza. Lakini ndoa ya binti wa baba mdogo, ambayo ndiyo iliyotutoa nyumbani, shangazi hakuigusa kabisa.

"Mwanangu," alisema, "sikwenda kumwomba. Nimekwenda kumbembeleza."

Akaendelea kutembea kama mtu aliyejibu swali dogo.

Mimi sijatulia tangu siku ile. Wiki zimepita na bado najikuta nikiosha vyombo huku nayapima maneno hayo mawili. Maisha yangu yote nilidhani kubembeleza ni kuomba sana. Unaomba mara ya kwanza, unakataliwa, unaomba tena kwa sauti laini zaidi, unaongeza "tafadhali", unaongeza machozi ikibidi. Kumbe kuna mtu anaweza kukaa alasiri nzima akibembeleza bila kuomba chochote.

## Posa iliyopita bila yeye

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Washenga walikuja kuleta posa baba mdogo akiwa safarini. Upande wa mama wa binti, kwa furaha na kwa haraka, ukawapokea na kuwajibu. Baba mdogo aliporudi alikuta mahari yameshazungumzwa na siku imeshatajwa. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba yeye haozeshi.

Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafii bibi arusi huozeshwa na walii wake, na walii wa kwanza ni baba. Baba akikataa bila sababu inayokubalika kisheria, kadhi anaweza kusimama mahali pake na ndoa ikafungwa. Njia hiyo kila mtu pale nyumbani aliijua, na vijana walikwishaanza kuitaja kwa sauti ya juu, wengine wakiwa na simu mkononi tayari kupiga.

Shangazi aliwakatiza. "Kadhi atatupa ndoa. Baba hatatupa."

Ndipo akaniambia nivae tuondoke.

## Nakuomba, nakusihi

Nilianza kwa kuyapanga maneno, maana ndivyo nilivyozoea jambo linaponizidi.

Kuomba kuko wazi. Kuna kitu, kuna mwenye nacho, kuna asiye nacho. Unaweza kumwomba mtu usiyemjua, dirishani, ukasema ulichotaka ukaondoka.

Kusihi ni kuomba ambako moyo umeshaingia. Ukimwambia mtu "nakusihi" umempa kujua kwamba jambo hili si dogo kwako, na pengine kwamba si dogo kwake pia. Katika Biblia ya Kiswahili, Ruthu anamwambia mkwewe Naomi, "Usinisihi nikuache." Nimelirudia fungu hilo mara nyingi siku hizi. Naomi alikuwa amewaambia wakwe zake warudi kwao, akarudia, akatoa sababu, na Orpa alipokwisha kuondoka akamgeukia Ruthu kumwambia amfuate mwenzake. Huko ndiko kusihi: shauri linalotolewa tena na tena kwa uchungu, lakini liko mezani, linaonekana. Kwa kuwa linaonekana, Ruthu aliweza kulikataa waziwazi na Naomi akanyamaza.

Halafu angalia jambo hili. Mtu akiandika barua akasema "nakusihi", amekwisha kusihi. Neno lenyewe ndilo tendo. Vivyo hivyo "nakuomba". Sasa sema "nakubembeleza". Umemwambia mtu hivyo, naye bado hujambembeleza. Umemtangazia tu. Kubembeleza hakumaliziki katika kusema, kunataka muda, sauti, na mara nyingi kunataka mwili uwepo pale.

Kurairai nako kuko jirani, na huwa vinachanganywa. Anayerairai anapaka maneno asali kwa sababu kuna kitu anakitaka, na akishakipata asali hukauka siku hiyohiyo. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Ni kweli, ila methali hiyo haisemi nyoka akishatoka anafanywa nini, na mimi hapo ndipo ninapopaogopa.

## Herufi iliyorudi

Niliyafuata maneno hadi kwenye kamusi, na kutoka kwenye kamusi hadi kwenye sarufi, na huko nikakuta kitu kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Kubembeleza kunatokana na bembea, mwendo wa kwenda na kurudi. Wengine husema pembea. Kiswahili katika vitenzi vingi kilipoteza l iliyokuwa katikati ya irabu, na kitenzi kikinyambuliwa l ile hutokea tena. Tunasema zaa, lakini zaliwa. Kaa, lakini kalia. Sikia, lakini sikiliza. Bembea, kisha bembeleza.

Tazama sikia na sikiliza kwa ukaribu. Kusikia kunaweza kukupata ukiwa umelala, honi ikipigwa nje umesikia. Kusikiliza lazima ukae nako. Fuata na fuatilia ni hivyohivyo, shika na shikilia pia. Viambishi hivyo vinaporundikana mwishoni mwa kitenzi, tendo hurefuka: mtendaji anabaki palepale, haondoki, anazidi kutenda. Bembeleza ina urefu huo ndani yake. Ni kubembea ambako mtu ameamua kukaa nako.

Kamusi zetu hulipa neno hili maana mbili, kumtuliza mtoto anayelia na kumwomba mtu kwa maneno ya upole. Zimepangwa kwa namba, moja na mbili, utadhani ni majirani tu. Mimi siamini tena kwamba ni majirani. Naamini maana ya pili haieleweki mpaka uielewe ya kwanza.

(Kuna na neno bembe, ambalo vijana wengi hawalijui tena: chakula kizuri ambacho mwanamke humwandalia mpenzi wake, hasa katika mwezi wa Ramadhani. Hata hapo hakuna ombi lililosemwa. Kuna sinia tu.)

## Mtoto haombwi

Mtu aliyewahi kumbembeleza mtoto mchanga usiku anajua kwamba hakuna anachomwomba. Humwambii "nakuomba unyamaze" ukategemea jibu. Hakuna hoja ya kumshinda nayo. Unamweka begani, unayumba mguu huu na huu, unatoa sauti ambayo mara nyingi si neno. Kilio kikipanda, huongezi kasi, unabaki na mwendo wako mpaka pumzi yake ianze kuufuata.

Nyimbo zenyewe za kazi hiyo, ambazo shuleni Kenya huitwa nyimbo bembelezi au pembejezi, zina siri moja ambayo kila mama anaifahamu. Nyingi huanza kwa kumwambia mtoto alale, halafu katikati mwimbaji huanza kusema yake: baba aliyekwenda mbali, wifi mwenye maneno, uchovu. Mtoto haelewi. Mwimbaji anatoa alichonacho kwa sababu usiku ule hakuna mwingine wa kumsikiliza. Kwa hiyo mwendo uleule unawatuliza wawili.

Sasa nilipomkumbuka shangazi akiguna pale baba mdogo alipofoka, niliona alichokuwa akifanya. Hakuwa akingoja zamu yake ya kusema. Alikuwa amempa kaka yake ruhusa ya kukasirika mbele ya mtu asiyemkatiza. Mtu mzima, mzee wa watu, mwenye mvi, na hakuna aliyekuwa amempa nafasi hiyo tangu arudi safari. Wote waliokwenda kabla yetu walikwenda na ombi mkononi: baba, kubali. Na kila ombi lilimkumbusha kwamba hata sasa haja yao ni idhini yake tu, yeye mwenyewe hakuna aliyemwulizia.

Hapo nikadhani nimefika. Nikadhani nimelielewa neno.

## Lakini

Wiki ileile binti mmoja wa ukoo, bado msichana mdogo, alikuja kwangu akiwa amechoka. Kuna kijana alimtaka. Alimjibu kwamba hataki, kwa heshima, kwa maneno yasiyo na utata. Kijana hakuacha. Simu alfajiri, simu usiku, ujumbe juu ya ujumbe, kumngojea kituoni. Na wanawake wakubwa wa nyumba yao walikuwa wakitabasamu.

"Wanasema ananibembeleza," aliniambia. "Wanasema mwanamke hubembelezwa. Sasa mimi nitabembelezwa mpaka lini, na jibu nimeshatoa?"

Sikuwa na jibu la haraka, maana neno nililokuwa nikilipenda wiki nzima lilikuwa limesimama mbele yangu na sura nyingine kabisa.

Kiswahili kina kitenzi cha kile alichokuwa akitendewa, nacho ni kung'ang'ania. Katika Qurani, Sura ya Al-Baqara aya ya 273, wanasifiwa masikini ambao hawawaombi watu kwa kung'ang'ania. Hao ni watu wenye njaa ya kweli, wenye haki kabisa ya kupewa, na bado kutong'ang'ania kwao kumeandikwa kuwa sifa. Sembuse kijana ambaye hana njaa, ana hamu tu.

Tofauti haiko kwenye idadi ya simu. Shangazi naye alirudi kwa baba mdogo siku baada ya siku. Kamba nayo hukata jiwe papo kwa papo, tunasema, na tunaisema methali hiyo kwa kuisifu. Nilikaa nikijiuliza: kama wote wawili wanarudi, wote wawili wanatumia sauti laini, wote wawili hawakati tamaa, kwa nini moja linanipa faraja na jingine linanipa hofu?

Swali hilo ndilo lililonikosesha usingizi, si tafsiri ya neno.

## Sisimizi

Jibu lilikuja kutoka kwa mama mmoja kliniki, ambaye wala hakuwa akizungumza nami. Mtoto wake alikuwa akilia kilio cha juu, kile kinachopanda bila kushuka. Mama mwingine kando akamwambia, mbembeleze. Yule mama akamlaza mtoto mapajani, akaanza kumvua nguo moja moja. Akakuta sisimizi kwenye mkunjo wa shingo.

Mtoto anayeng'atwa habembelezwi. Anavuliwa.

Ukiendelea kumyumbisha huku sisimizi yuko ndani ya nguo, unataka anyamaze kwa ajili yako, kwa ajili ya majirani, kwa ajili ya usingizi wako. Na mtoto anaweza kunyamaza kweli, kwa kuchoka. Ukajisifu kwamba umembembeleza.

Nilifikiria hapo mambo mengi kwa mpigo. Nilifikiria mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania, kifungu cha 101, inataka mgogoro wa ndoa upelekwe kwanza kwenye baraza kabla mtu hajaomba talaka mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Nia yake naielewa na naiheshimu, watu wapewe nafasi ya kusikilizana. Lakini najua wanawake walioingia kwenye vikao vya namna hiyo, vya baraza na vya ukoo, wakiwa na alama mwilini, wakabembelezwa. Kwa upole mkubwa. Kwa maji ya kunywa na mkono begani. Rudi, mama, mwanamume ni mtoto mkubwa, fikiria watoto. Kila mtu mle alikuwa na sauti nzuri na hakuna aliyefunua nguo.

Na yule kijana wa kituoni? Kilichokuwa kikimuuma kilikuwa kwake yeye, si kwa msichana. Msichana alikuwa ametulia kabla yeye hajafika. Huwezi kumbembeleza mtu ambaye wewe ndiye unayemliza.

Nilimwambia binti yule hivyo hivyo, na nikaenda kuwaambia wakubwa wake pia. Mmoja wao alinuna. Mwingine aliniambia kwamba naye zama zake aliolewa kwa kuchoka kukataa, na akalisema hilo kana kwamba ni mara ya kwanza analisikia likitoka mdomoni mwake.

## Alichokifanya shangazi

Sasa naweza kulieleza lile jambo la baba mdogo vizuri zaidi.

Shangazi alirudi tena kule, mimi nikiwa naye na mara nyingine peke yake. Alikaa. Waliongea habari za baba yao, babu yangu, jinsi alivyokuwa akiwatembeza shambani. Kisha siku moja baba mdogo, katikati ya mazungumzo ya jambo jingine kabisa, akasema, "Mtoto wangu ameozwa mimi niko kwenye basi."

Alisema hivyo akiangalia sakafu.

Shangazi hakusema "samehe". Hakusema "yaliyopita si ndwele". Alisema, "Walikosea, kaka." Halafu tukaondoka, na safari hii hakunipeleka nyumbani. Alinipeleka moja kwa moja kwa wajomba wa bibi arusi, upande uliopokea posa, na huko sauti yake ilikuwa nyingine. Huko hakubembeleza mtu. Aliwaambia kwamba washenga watarudi, posa italetwa upya mbele ya baba mwenye mtoto, na wao watakuwepo na watasema walichopaswa kusema. Kuna aliyesema hilo ni kurudisha mambo nyuma. Alimwacha amalize, kisha akarudia alichosema.

Washenga walirudi. Posa ikasomwa tena, barua ileile. Baba mdogo aliomba siku za kufikiri, kama baba anavyofanya, na hakuna aliyemharakisha, japo wote tulijua jibu. Aliozesha mwenyewe, kwa sauti yake.

Ninachotaka kionekane hapa ni kwamba kukaa kule alasiri nyingi hakukuwa mbinu ya kumlainisha ili akubali kitu kilekile alichokikataa. Kilichobadilika si moyo wake peke yake. Kilibadilika na kile alichotakiwa kukikubali. Alikataa posa iliyopita bila yeye, akakubali posa iliyoletwa kwake.

Na shangazi aliendelea kwenda kwake baada ya arusi. Alisema mguu ule haujapona.

## Mume wa jirani

Mwezi huu jirani mmoja alikuja kuniomba niende na kina mama wengine tukambembeleze mke wake. Amerudi kwao, na simu hapokei. Alikuwa na huzuni ya kweli, sitaki kumpunguzia. Aliniambia ameshamwandikia maneno yote anayoyajua.

Nilimuuliza mke wake alisema nini siku aliyoondoka.

"Hakusema kitu. Alilia tu."

"Na kabla ya siku hiyo?"

Alisema hakumbuki. Nikamwambia siendi mpaka akumbuke, na kwamba nikienda nitakwenda kumsikiliza mkewe, na atakachoniambia nitarudi nacho kwake hata kama ni kizito. Hakupenda. Alinuna, akasema kumbe majirani ni wa kusalimiana tu.

Juzi mama yake mzazi amekuja mwenyewe, kutoka mbali, kuniuliza kwa nini nimemnyima mwanawe msaada. Nilimweleza kama nilivyomweleza mwanawe, bila kupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye anakijua kilichomkimbiza mkaza mwanawe, anakijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa ile, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Tunakwenda Jumapili, mimi na yeye. Kwa mwanawe kwanza.